Ufunguo Uliofutwa

Sajini aliapa kwamba ufunguo ulikuwa mzima, na aliapa huku anatafuna karanga.

"Nimeujaribu mwenyewe jana, afande. Nimeandika kwenye faili. Mlango ulifunguka."

"Mlango," alisema Inspekta. "Na injini je?"

Sajini aliacha kutafuna.

Walikuwa wamesimama kwenye yadi ya kituo, Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, mbele ya gari la kijivu lililong'olewa namba zake mbele na nyuma. Lilikuwa limekutwa nyuma ya ghala bovu, limefungwa vizuri, halina hata mkwaruzo. Mwenyewe alikuwa mkunga mstaafu wa miaka sabini na sita ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mkunga. Aliyeshikwa kwa kuliiba ni dereva wake, aliyemwendesha kwa miaka kumi na mmoja, na saa nane mchana siku hiyo alitakiwa kupanda kizimbani. Sajini aliiona kesi ya kumaliza kabla ya chai. Funguo zilikuwa mbili tu, mmoja chini ya mto wa mama, mwingine mfukoni mwa dereva. Alfajiri ya Jumamosi gari halipo uani, kioo hakikuvunjwa, king'ora hakikusikika. Basi ni dereva, nani mwingine?

Inspekta alikuwa amekabidhiwa faili hilo asubuhi hiyohiyo, na tangu alifungue vidole vyake vilinata mafuta. Maganda mekundu ya karanga yalibanana katikati ya kurasa, hata ndani ya bahasha ya vielelezo. Alijifuta kwa leso, akafungua ukurasa wa mwisho kabisa, mahali Sajini alipotupa maelezo ya Mama Mkunga mwenyewe. Juu yake kalamu nyekundu iliandika neno moja: Hajitambui.

"Nani kakwambia hajitambui?"

"Mwanawe, yule kitindamimba wake. Ndiye anayemuuguza. Halafu soma mwenyewe, afande, utacheka."

Inspekta alisoma. Hakucheka.

"Ijumaa saa mbili na robo asubuhi," mama alikuwa ameandika kwa mwandiko ulionyooka, "mkono uliingia chini ya mto wangu ukatoa ufunguo wa gari. Nilijifanya nimelala. Gari likatoka. Likarudi saa tano kasoro dakika kumi. Nilikwenda na mkongojo wangu nikaweka kiganja juu ya boneti, ilikuwa ya moto kama paji la mtoto mwenye homa. Mwanangu akasema ni jua. Gari lilikuwa kivulini. Siku moja kabla ya hapo niliamka usingizi wa mchana nikakuta wino kwenye dole gumba langu. Mwanangu akasema nimechezea kalamu. Mimi sichezei kalamu. Nimefanya kazi ya ukunga miaka thelathini na nane. Mtoto akizaliwa nasema saa kwa sauti, mtu akifa nasema saa kwa sauti, na mwenzangu anaandika. Saa sikosei. Dereva wangu hakuwepo. Alikwenda likizo Alhamisi jioni."

"Ameandika mkono," alisema Inspekta. "Hakuandika wa nani."

"Si nilikwambia? Mkono unaelea wenyewe hewani!" Sajini alicheka, na punje moja ya karanga ikamtoka ikatua kwenye mkono wa koti la Inspekta.

Inspekta aliipangusa polepole. Alitoa ufunguo wa dereva kwenye bahasha, rimoti nyeusi yenye vitufe vitatu, akabonyeza. Gari halikuitika.

"Betri ya rimoti imeisha," Sajini alisema haraka.

Inspekta alikuwa amelifikiria hilo. Alibanua rimoti kwa ukucha, akatoa betri bapa na kuweka mpya aliyoinunua njiani. Alipobonyeza tena, kitaa chekundu cha rimoti kiliwaka. Gari lilibaki kimya.

"Hata lenyewe limekufa. Kwa nini taa za ndani haziwaki?"

"Nilichomoa waya wa betri jana."

"Kwa nini?"

"Lilikuwa linalia, afande. Nilipofungua mlango kwa kile kichuma, king'ora kikaanza, watu wakatoka maofisini. Nikachomoa waya, likanyamaza."

"Rudisha."

Sajini aliinua boneti, ambayo hakuibana jana, akaurudisha waya. Inspekta alivuta kichuma chembamba kilichofichwa ndani ya rimoti, akakisokomeza kwenye tundu la mlango, akakizungusha. Mlango ulifunguka, na king'ora kikapiga kelele yadi nzima. Aliketi kwenye usukani kana kwamba hasikii, akaibana rimoti juu ya kitufe cha kuwashia, kama inavyofanywa betri ya rimoti inapoishiwa nguvu, akakanyaga breki na kubonyeza. Kwenye dashibodi ulijitokeza mchoro wa ufunguo uliokatwa kwa mstari mwekundu. Alijaribu mara nne. Mara nne mchoro uleule.

Alishuka. King'ora kilipojichokea chenyewe, alizungumza bila kupandisha sauti.

"Gari lilikulilia masikioni kwamba halimjui mwenye ufunguo huu. Wewe ukalifunga mdomo, ukaandika ufunguo unafanya kazi. Kuna mtu amelala siku mbili sakafuni kwa sababu ya sentensi yako."

"Mlango ulifunguka, afande," alinong'ona Sajini.

"Tafuta gari la kuvuta. Saa saba kamili nataka hili liwe mbele ya lango la Mama Mkunga, limefungwa kwa kichuma, waya wa betri uko mahali pake. Na nawa mikono kabla ya kushika chochote changu tena."

*

Fundi funguo waliyemwita Meno alifanya kazi kwenye chumba chembamba kati ya duka la miwani na ngazi za jengo. Jina alilipata kwa kuchonga meno ya funguo, ingawa wateja walimtania kwamba ya kwake mwenyewe yalikuwa yamebaki matano. Ukutani zilining'inia funguo mbichi kwa mamia. Juu ya meza palikuwa na lenzi, mashine ya kuchongea iliyojaa unga wa shaba, na ndoo ya rimoti kuukuu zenye vitufe vilivyolika kwa vidole vya watu.

"Karibu dada," alisema Meno bila kuinua macho. "Umepoteza au umevunja?"

"Huu umekufa. Niambie umekufa kwa nini."

Meno aliuweka ufunguo juu ya kisahani cha mashine yake ya kusomea. Tarakimu zikapita kwenye skrini.

"Haujafa huu. Chipu yake inaongea vizuri sana, tena kwa sauti. Ila gari haliujui tena." Alivuta kichuma cha ndani akakiinua kwenye mwanga. "Ufunguo wa siku hizi ni vitu viwili visivyojuana, dada. Chuma kinafungua mlango, na chuma hakifutiki. Chipu ndiyo inayoongea na kompyuta ya gari, iruhusiwe kuwasha. Chipu inafutika."

"Mtu akichomoa betri ya gari?"

"Gari linasahau saa na redio. Funguo halisahau."

"Basi linasahauje?"

"Kwa mikono ya fundi. Kwa gari la aina hii mteja akija kuongeza ufunguo, jambo la kwanza namwambia: leta funguo zote ulizo nazo, ziwe hapa mezani. Kwa sababu kompyuta inafuta orodha nzima kwanza, halafu naziandika upya mmoja mmoja. Usioletwa ndiyo basi tena. Watu hawasikii! Anaacha wa mkewe nyumbani, kesho mke yuko sokoni na mizigo, gari limemgomea, matusi nakula mimi."

Inspekta aliweka kitambulisho chake juu ya meza, pembeni ya ndoo ya rimoti.

"Mashine ya gari hili mjini mnayo wangapi?"

Meno alikitazama kitambulisho. "Wawili, afande. Mwenzangu yake imeungua tangu mwezi jana."

"Kwa hiyo ni wewe." Alimsomea tarakimu sita za mwisho za namba ya chasisi.

Fundi alianza kubandua gundi iliyokauka kwenye kidole. Aliibandua kwa muda mrefu kuliko gundi yenyewe.

"Mimi sitangazi mambo ya wateja wangu."

"Kuna dereva anapanda kizimbani saa nane. Ushahidi wote walionao ni huu ufunguo ulioko mkononi mwako. Sasa ni saa nne kasoro. Nyamaza kama unaweza."

Meno alishusha pumzi, akawasha kishikwambi kilichounganishwa na mashine. Kila kazi ilikuwa imejihifadhi humo, apende asipende. Alitelezesha kidole, akasimama, akamgeuzia Inspekta skrini.

Ijumaa. Namba ya chasisi ileile. Saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Funguo zilizofutwa: mbili. Funguo zilizosajiliwa: mbili.

"Mbili zikafutwa, mbili zikasajiliwa," alisema Inspekta. "Mtu akiangalia juu juu ataona hakuna kilichobadilika."

"Ndiyo. Ila namba si zilezile. Mmoja wa zamani ulirudi, huu hapa kwenye skrini. Wa pili ni mpya, niliutoa mimi kwenye boksi. Na huu uliokuja nao wewe," alipapasa miwani yake, akalinganisha tarakimu, "huu ndio ulioachwa nje."

"Alisema nini kuhusu huu?"

"Kwamba ulipotea zamani. Akasema ana huo mmoja tu. Mtu mzima, msafi, adabu mpaka inakera. Kila sentensi kaka, kaka. Nilimwomba kadi ya gari, akatoa, ina jina la mama yake. Nikamwomba ruhusa ya mama, akatoa barua. Mimi nafanya kazi kwa utaratibu, afande. Kila barua naipiga picha."

Picha aliyofungua ilionyesha karatasi iliyochapwa vizuri, na chini yake, mahali pa sahihi, alama ya dole gumba. Ilikuwa imeparuzwa upande mmoja, kama ya mtu aliyeshikwa mkono na mwingine.

"Kwa nini dole gumba?" aliuliza Inspekta.

"Alisema mama yake hajitambui, hawezi kushika kalamu."

"Na mtu asiyejitambua ametoaje ruhusa?"

Meno aliirudia picha, akaikuza kwa vidole viwili. Uso wake ulianza kusawijika.

"Nilitazama karatasi, afande," alisema mwishowe. "Sikutazama mtu."

Inspekta alitoa maelezo ya mama kwenye faili, yale yenye maandishi mekundu, akayalaza kando ya kishikwambi. Ufunguo ulitoka saa mbili na robo. Mashine iliusajili saa tatu na dakika arobaini. Gari lilirudi saa tano kasoro dakika kumi na boneti ya moto. Bibi kizee aliyekuwa ameambiwa hajitambui alikuwa amepanga siku yake kwa usahihi kuliko kituo kizima cha polisi. Na lile dole lenye wino lilichovywa akiwa usingizini. Inspekta aliyarudisha maelezo ndani ya faili.

"Huo mpya," aliuliza, "gari linautambuaje?"

"Ukifika karibu tu, hatua mbili tatu, vioo vya pembeni vinajikunjua vyenyewe na taa zinawaka. Hata ukiwa mfukoni. Ndiyo raha ya magari haya."

"Na huu uliofutwa?"

"Huo utaupitisha hata mara mia. Utakuwa umebeba jiwe."

Alitaka nakala ya kumbukumbu na ya barua, na Meno akazitoa zote mbili bila kuomba kitu. Alipomkabidhi alikuwa bado hajamtazama usoni.

*

Alipofika kwa Mama Mkunga saa saba kasoro robo, alikuta Kitindamimba akimlisha mama yake uji kwa kijiko.

Ilikuwa sebule nadhifu, yenye saa kubwa ya ukutani na picha za watoto wachanga zilizopangwa kwa safu. Mama aliketi wima kitini, saa ya mkononi imegeuzwa kwa ndani ya kifundo kama wavaavyo wauguzi, mikono yake miwili mizima imelala mapajani. Kijiko kilimfuata mdomoni bila kusubiri ameze. Uji ulimchirizika kidevuni, na mwanawe, mwanamume wa miaka arobaini na miwili aliyenukia marashi, akaufuta kwa ncha ya kitambaa huku anatabasamu kwa mgeni.

"Shikamoo mama," alisema Inspekta.

"Marahaba mwanangu."

"Hasikii vizuri leo," alisema Kitindamimba. "Samahani afande, ndiyo hali yetu. Jana alitafuta miwani yake siku nzima. Unajua niliikuta wapi? Ndani ya sufuria. Daktari anakuja kesho kumpima, ili sisi watoto tushike mambo yake kisheria. Nyumba, akiba, kila kitu. Inauma, lakini tutafanyaje?"

"Miwani sikuiweka mimi kwenye sufuria, baba," alisema mama.

"Unaona?" Kitindamimba alimpigapiga mama yake begani. "Mama, pumzika. Unasahau."

Bahasha ya mwanasheria ilikuwa mezani, imefunguliwa. Inspekta aliisoma juu juu, hati ya kumkabidhi mwana nyumba na akiba, haijawekwa sahihi, akaiacha ilipo.

"Hii alisomewa na nani, kama miwani hupotea?"

"Dereva alijitia kumsomea," alisema Kitindamimba, na kwa mara ya kwanza tabasamu lilimponyoka. "Akamjaza maneno asiweke sahihi. Dereva! Mtu wa kushika usukani anatuingilia mambo ya familia. Baadaye ndiyo nikaelewa alikuwa anapalilia wizi wake."

"Jumamosi alfajiri ulisikia nini?"

"Nilimsikia kabisa. Alibonyeza ufunguo wake, gari likalia pii pii, likawaka, likaondoka."

"Ufunguo wake, una uhakika?"

"Wa mama uko chini ya mto mpaka sasa. Funguo ni mbili tu. Sasa atumie wa nani?"

"Na Ijumaa gari lilitoka?"

"Halikutoka kabisa."

Inspekta aliyaandika yote, akamsomea, akamwomba aweke sahihi. Aliweka kwa mbwembwe, jina zima na mkia chini yake.

Nje honi ililia. Inspekta alisimama. "Gari limeletwa. Nahitaji mwenyewe alitambue. Huo wa chini ya mto uacheni hukohuko."

"Mama hawezi kutembea mpaka..."

"Naweza," alisema Mama Mkunga, tayari ameshika mkongojo. "Nishike mkono, baba. Si unanishikaga wageni wakija?"

Hakuwa na pa kukwepea. Alimshika mama yake mkono, wakatoka barazani wote watatu, mama akihesabu hatua kwa mkongojo. Langoni gari la kuvuta lilikuwa limeshusha mzigo wake, na Sajini alisimama kando, amenawa mikono. Zilipobaki hatua sita, Kitindamimba alisimama.

"Lile pale, ndilo lenyewe. Mimi nalitambua. Inatosha."

"Mimi sijaligusa," alisema mama, akamvuta.

"Mama, jua kali."

"Jua tena?" Mama alimvuta kwa nguvu za mtu aliyevuta watoto wa watu duniani miaka thelathini na nane.

Hatua tano. Nne. Tatu.

Taa za gari ziliwaka. Vioo vyake vya pembeni, kulia na kushoto, vilijikunjua taratibu na kusimama.

Inspekta alimrudisha Kitindamimba nyuma mpaka barazani, na gari likajikunja tena. Kisha alitoa rimoti ya dereva kwenye bahasha, akampa Sajini.

"Tembea nayo. Zunguka gari lote."

Sajini alizunguka mara ya kwanza, akazunguka ya pili, jasho linamtoka. Gari lilimpuuza.

"Huo ndio unaosema ulilia pii pii," Inspekta alimwambia Kitindamimba. "Ulifutwa Ijumaa saa tatu na dakika arobaini, kwa sababu fundi alikwambia ulete funguo zote ukaleta mmoja. Ulidhani unaongeza ufunguo. Ulikuwa unamfuta dereva kwenye gari, nawe hujui. Toa ulichonacho mfukoni."

"Afande, tuzungumze pembeni. Hili ni jambo la familia."

"Toa."

Aliutoa. Ulikuwa mpya, bado una utando wa nailoni juu ya vitufe. Alikuwa ameubeba mwilini siku tatu, maana ndani ya nyumba ile hapakuwa na droo ambayo mama yake hakuijua.

"Hata gari lenyewe hukulitaka," alisema Inspekta. Alizungumza kama mtu anayetema. "Ungeliuza, ningekuita mwizi nikaenda zangu kula. Umelitupa nyuma ya ghala. Ulichokuwa unakitaka ni dereva asimsomee mama yako tena, na mama yako asijiamini. Unamwibia ufunguo, unamwambia ameota. Unamchovya wino amelala, unamwambia amechezea kalamu. Miwani kwenye sufuria! Halafu unakaa unamlisha uji kama kinda, na mikono anayo."

"Nilikuwa namsaidia," alisema Kitindamimba. Alikuwa bado ameshika kile kitambaa cha kufutia uji. "Mtu mzima anahitaji msaada. Mama, waambie. Mama."

Mama Mkunga hakugeuka. Alikuwa ameweka kiganja juu ya boneti, na safari hii ilikuwa baridi.

Inspekta alimwashiria Sajini, naye akamfunga Kitindamimba pingu na kumpakia kwenye gari la kuvuta. Kisha alimpa Sajini kumbukumbu ya fundi na maelezo mapya, akamwamuru awe mahakamani kabla ya saa nane, amtafute mwendesha mashtaka, na asirudi bila dereva. Sajini alizipokea karatasi kwa ncha za vidole, akaondoka mbio.

Wakabaki wawili kando ya gari. Inspekta alifungua faili kwenye ukurasa wa mwisho. Neno la kalamu nyekundu lilikuwa bado pale, na alilikata kwa mistari miwili.

"Mama, uliandika mkono uliingia chini ya mto. Hukuandika wa nani. Ulijua?"

"Mwanangu, kidole chake cha mwisho kimepinda tangu azaliwe. Nilikihesabu mwenyewe, nikasema kitanyooka." Alifuta vumbi juu ya boneti. "Nilitaka niwe nimekosea. Nilisema labda kweli nimeanza kusahau. Nikaomba iwe nimesahau."

"Niandike nini?"

Mama Mkunga aligeuza kifundo cha mkono, akaitazama saa yake, akasema kwa sauti, ile sauti ya wodini ambayo mtu wa pili husubiri kuiandika:

"Saa saba na dakika ishirini na mbili. Mkono ulikuwa wa mtoto wangu wa mwisho. Andika."

Inspekta aliandika.